Ubeti wa Tsongo

Baluku alizaliwa Kyondo, juu milimani, kwenye shamba la kahawa la babake, na hadi leo ukimuuliza kwao ni wapi atakutajia Kyondo. Lakini sisi wa Bwera tunasema ni wetu, kwa sababu sauti yake tuliisikia kwanza. Alishuka kwetu akiwa na miaka kumi na minne, akakaa kwa shangazi yake aliyeuza chumvi na sabuni sokoni karibu na mpaka wa Kongo, ili asome sekondari. Masomo hayakumshinda, ila hayakumshika moyo. Kilichomshika ni kelele za soko: wachuuzi wetu wakiita kwa Lhukonzo, wenzao wa Kongo wakijibu kwa Kiswahili chao, madereva wa malori wakitukana kwa lugha zote mbili. Baluku alikuwa na kifua kipana na sauti nzito iliyopita juu ya hizo zote. Akikuita kutoka ng'ambo ya mto, uligeuka.

Hapo sokoni ndipo alipokutana na Tsongo. Tsongo alikuwa mwana wa pekee wa mama Alisi, mjane aliyetwanga na kuuza sombe, majani ya muhogo, na nyumba yao ilikuwa hatua chache kutoka mto Lhubiriha. Ndugu wa mama Alisi walikuwa upande wa pili, Kongo, na kwake kuvuka daraja kulikuwa sawa na kwenda kwa jirani. Tsongo alibeba mizigo ya wafanyabiashara. Alikuwa mwembamba, mtu wa maneno machache. Ukimsalimu alikuitikia kwa kichwa. Siku moja Baluku alikuwa ameketi kwenye meza ya mama Alisi, anaghani mistari aliyoitunga mwenyewe, na watu wanamshangilia. Tsongo akatua gunia chini, akasikiliza mpaka mwisho.

"Maneno yako iko dhaifu," akamwambia. "Lakini koo iko muzuri."

"Basi nipe maneno," Baluku akajibu, kwa hasira.

"Nipe koo."

Mama Alisi alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. Ndivyo walivyoanza. Wa tatu alikuwa Ronah, msichana wa kwaya, ambaye mchungaji alimkataza mara mbili kuimba na wahuni, na mara zote mbili akaitikia ndiyo kisha akaja. Msimu ule mvua ilikuwa imegeuza soko zima kuwa matope, watu wakitembea na viatu mkononi, basi kundi likaitwa Tope Kali.

Walirekodi Kasese mjini kwa Siraje. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mabati, kuta zimebandikwa trei za mayai ili mwangwi usirudi. Mvua ikinyesha kazi ilisimama, kwa sababu paa lilipiga kelele kuliko ngoma. Wimbo wao wa kwanza ulikuwa wa utani, juu ya askari wa mpakani anayekagua hata mfuko wa karanga. Tulidhani watakamatwa. Badala yake askari mwenyewe akawa anamsimamisha Baluku darajani: "Wewe! Simama hapo! Imba ile ya karanga!" Na Baluku anaimba, foleni nzima inacheka.

Kwa miaka minne walizunguka. Waliimba Ibanda kwa wapagazi wanaopandisha wageni mlimani, wakaimba Hima kwa wafanyakazi wa saruji, wakaimba Kasenyi ziwani, wamesimama juu ya kreti za samaki. Ronah alishika kiitikio, Tsongo alisema ubeti wake mmoja kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na jirani, na Baluku akamaliza yote mengine. Kila neno lilikuwa la Tsongo, lakini mabango yaliandikwa jina la Baluku kwa herufi kubwa. Tsongo hakulalamika. Sijui kama hakujali au alikuwa anasubiri mwenzake aone mwenyewe. Baluku hakuona.

Kisha Ebola ikawaka upande wa Kongo. Darajani yakawekwa matangi ya maji yenye dawa, watu wakapimwa joto kwenye paji la uso kabla ya kuvuka, na kila wiki kukawa na habari za kijiji kingine. Watu wa afya walipita na spika wakisema msiguse wagonjwa, msioshe maiti, na watu wakawatupia mawe. Ilisemekana wao ndio wanaoleta ugonjwa. Ndipo daktari mmoja, mwanamke aitwaye Atukunda, alipokuja kwa miguu mpaka kwenye meza ya mama Alisi akauliza Tope Kali ni nani.

"Mimi nikiongea, watu wanaokota mawe," alisema. "Nyinyi mkiongea wanacheza. Nataka wimbo."

"Tuseme nini?" Tsongo akauliza.

"Wasiguse mgonjwa. Wasioshe maiti. Watupigie simu, tuje sisi."

Ronah akainua uso. "Daktari, kwetu mtu asipooshwa na watu wake, ni kama ametupwa."

"Najua. Ndiyo maana nimewafuata nyinyi badala ya kubandika karatasi."

Tsongo alikaa siku mbili bila kubeba mizigo. Siku ya tatu akamsomea mama yake alichoandika, kama alivyozoea, na Baluku alikuwepo. Ubeti ulikwenda hivi:

Mama akianguka, mikono nyuma,
hata akikuita jina na roho inauma.
Afadhali kulia kaburi moja
kuliko nyumba nzima kwa foleni inangoja.

Mama Alisi aliacha kutwanga. "Weye unaniua mimi ndani ya wimbo?"

"Si weye, mama. Ni mama tu. Mama ya kila mutu."

Akafikiri kidogo, akashika mchi tena. "Kama iko kweli, imba."

Wimbo ule haukuwa na utani hata mstari mmoja, na bado ukapita nyimbo zao zote. Ulipigwa redioni kabla ya habari na baada ya habari. Gari la afya lilizunguka vijiji likiupiga, na hakuna aliyeokota jiwe. Watu waliokuwa wakificha wagonjwa chini ya vitanda wakaanza kupiga simu. Mwalimu mmoja aliporudiwa na kaka yake kutoka Beni akiwa na homa, aliwasimamisha watoto wake wote uani akawaimbisha ubeti wa Tsongo ili wasiingie ndani. Kaka alikufa. Hao wengine hawakuugua hata mmoja. Hilo tunalijua na hatulikani: wimbo ule uliokoa watu.

Wiki chache baadaye mama Alisi alivuka kwenda kwenye msiba wa binamu yake upande wa Kongo. Alirudi, akapimwa darajani, akapita. Siku ya sita akaamka na homa kali. Akatapika, na damu ikamtoka puani.

Tsongo alimtoa jirani aliyekuwa ndani, akafunga mlango nusu, akapiga simu kama wimbo unavyosema. Wakamwambia gari liko njiani linarudi kutoka Kyondo, lakini udongo umeporomoka barabarani na vijana wanauchimba. Asubiri. Asimguse. Baluku alipata habari akiwa kwa kinyozi, akaja mbio na nusu ya kichwa kimenyolewa. Alipofika, watu walikuwa wamesimama mbali, kando ya njia, na Tsongo alikuwa peke yake mbele ya mlango.

"Tsongo," mama Alisi aliita kutoka ndani. "Mutoto yangu, leta mayi."

Tsongo akajaza kikombe, akakiweka kizingitini, akakisukuma kwa mpini wa jembe mpaka karibu na mkeka. "Kunywa, mama. Iko hapo karibu na mukono."

Akanyoosha mkono. Vidole vikagusa kikombe, kikapinduka, maji yakaingia kwenye udongo wa sakafu.

"Imemwangika," akasema mama Alisi, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Tsongo akatupa jembe akapiga hatua. Baluku akamshika shati kwa nyuma, pale kwenye kola.

"Usiingie."

"Niache, Baluku."

"Usiingie! Weye ndiye uliandika!"

Tsongo akasimama. Walisimama hivyo, mmoja mbele, mwingine ameshika shati, na mama akaendelea kuita. Kwanza aliomba maji, kisha aliita jina tu, kisha akaongea na watu ambao hawakuwepo, akiwataja wa msiba wa Kongo mmoja mmoja. Walisukuma kikombe cha pili na cha tatu, lakini hakunyoosha mkono tena. Jua lilikuwa limeshapita katikati alipoacha kuita. Gari lilifika baada ya hapo, likiwa na matope mpaka kwenye vioo.

Alizikwa siku iliyofuata na wanaume waliovaa mavazi meupe na miwani, ndani ya mfuko, na mwanawe akiwa umbali wa hatua ishirini nyuma ya kamba. Hakuna aliyemwosha. Hakuna aliyemvika kitenge chake.

Siku ya tatu Daktari Atukunda alikuja mwenyewe na majibu. Tsongo alikuwa ameketi nje, Baluku pembeni yake. Daktari hakuketi.

"Haikuwa Ebola," akasema. "Ilikuwa malaria. Malaria kali."

Tsongo akageukia mlango.

"Tsongo, nisikilize. Hukukosea. Ingekuwa ile nyingine, leo tungekuwa tunakuzika na wewe. Hakuna mtu angeweza kujua kwa macho."

"Lakini haikuwa ile ingine," Tsongo akasema.

"Haikuwa."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani.

Ndugu msomaji, mambo yangeishia hapo yangekuwa msiba tu, na msiba huzoeleka. Lakini wiki mbili baadaye kulikuwa na mkutano mkubwa wa afya Kasese mjini, uwanjani, mchana, na Tope Kali walikuwa wameshaahidi. Baluku akaenda kumwona mwenzake. Alimkuta anasuka upya mlango wa matete wa jiko ambao haukuwa umeharibika.

"Kesho ni Kasese," Baluku akasema.

"Mimi siendi. Na nyinyi muache ule wimbo. Mupige zingine."

"Ndugu yangu, wametuita kwa ule. Ugonjwa bado uko. Kuna watu watakufa."

"Najua watakufa. Tafuta maneno ingine uwaambie."

"Maneno ni yako. Mimi nitatoa wapi?"

Tsongo akaacha kusuka. "Baluku, ule ubeti sasa iko ya mama yangu. Haiko yako, haiko yangu. Sitaki kuusikia katika kinywa ya mutu."

Baluku alitoka pale bila kusema ndiyo wala hapana. Kesho yake alipanda jukwaani na Ronah, wakaimba ule wimbo, na ulipofika ubeti wa Tsongo akauimba yeye, kwa sauti yake nzito. Uwanja mzima ukanyamaza, kisha ukalipuka. Mambo haya amenisimulia mwenyewe, na sijaongeza neno: "Nilipofika pale pa mama, nilitaka kulia kweli. Halafu watu wakapiga kelele, na kile kilio kikageuka kitamu. Nilikisikia kikigeuka. Hapo nikajua nimeharibika, na sikushuka."

Ronah alishuka. Alimwambia nyuma ya jukwaa, "Mimi nimemaliza," akapanda boda boda mpaka Bwera. Baadaye aliolewa Kagando, na hadi leo huimba kanisani tu.

Siraje alikuwa uwanjani siku hiyo. Alimwita Baluku studio akamketisha. "Haya, sikiliza. Kundi imekufa, lakini wewe iko hai. Turekodi upya. Sauti moja, jina moja." Baluku akauliza, "Na Tsongo?" Siraje akasema Tsongo akikasirika atapoa, watu wote hupoa. Walirekodi mchana huohuo. Kwenye ile kanda mpya Ronah hayupo, na ubeti wa Tsongo unaghaniwa na Baluku mara mbili, mwanzoni na mwishoni, kwa sababu ndio watu walioupenda. Ndivyo alivyoanza kuwa msanii wa peke yake, Baluku Kifua.

Mwaka huo ulikuwa wake. Aliitwa Fort Portal, akaitwa Mbarara, akaitwa Kampala akapiga picha na watu wakubwa wenye tai. Alinunua koti la ngozi ambalo kwa joto la Kasese halivaliki, na alilivaa. Alipokuwa anashangiliwa hakumfikiria Tsongo, na alipokuwa hashangiliwi alimfikiria sana, basi akawa hataki kukaa bila kushangiliwa.

Tsongo alikuwa bado anabeba mizigo darajani. Gari la afya lilipita hapo mara tatu kwa siku. Watu waliokuwa wanamjua walijaribu kumwomba dereva apunguze sauti, lakini dereva alikuwa mgeni na kazi yake ilikuwa kuongeza. Siku Baluku aliporudi Bwera kuimba katika uwanja wa mpira, sisi tulijua kitatokea kitu. Tsongo alikuja. Alipita katikati ya watu na nguo zake za kazi, wakampisha. Baluku alimwona akiwa katikati ya wimbo, na alikuwa hajafika kwenye ubeti. Muziki uliendelea. Angeweza kunyamaza, muziki ungepita peke yake mpaka kwenye kiitikio, na hakuna ambaye angekufa. Akauimba.

Tsongo alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza siku ya kwanza sokoni. Kisha akageuka akaondoka. Wiki hiyohiyo akafunga nyumba ya mama yake, akampa jirani ufunguo, na hatukumwona tena. Baadaye tulisikia yuko Kasenyi, ziwani, anarekebisha nyavu na kupakia samaki.

Ugonjwa ukaisha upande wa Kongo. Watu walishukuru Mungu na wakataka kusahau, na Baluku ndiye aliyekuwa anawakumbusha. Kisha corona ikaja, kumbi zikafungwa karibu miaka miwili, akaimba wimbo mwingine wa kunawa mikono ambao hakuna anayeukumbuka. Zilipofunguliwa alikuta jina lake limebadilika. Mjini walimwita Baluku wa Ebola. Akiingia baa mtu mmoja hutania, "Mikono nyuma!" na wote huficha mikono. Alijaribu nyimbo za mapenzi, lakini hakuwa na mtu wa kumwandikia maneno, na mistari yake ilikuwa ileile ambayo Tsongo aliiona dhaifu. Mara ya mwisho alipoitwa harusini, ilikuwa Kisinga, shangazi wa bibi harusi alimfuata kabla hajashika maikrofoni.

"Baba, usiudhike," akamwambia kwa adabu. "Tumekupikia, kula ushibe. Lakini usiimbe. Mutoto yetu anaolewa leo. Sauti yako watu wanaijua ni ya kuzikia."

Alikula bundu, ugali wa muhogo, na nyama, akawashukuru, akaenda.

Hapo ndipo alipokwenda Hima, akapata kazi ya kupakia saruji kwenye malori. Kifua chake kikawa na kazi nyingine. Alipanga chumba jirani na Ojok, mzaliwa wa pale ambaye babake alikuja kutoka Kitgum zamani kufanya kazi hiyohiyo na sasa hakuweza kupanda ngazi tatu bila kukohoa. Ojok hakuwahi kumwuliza juu ya muziki. Jioni walikaa nje wakipiga stori za mpira. Baluku anasema ile ilikuwa miezi yake mizuri kuliko yote, kwa sababu hakuna aliyemtazama.

Kisha redio zikatangaza Ebola imeonekana tena, safari hii upande wa Mubende. Haikufika kwetu, lakini watu waliogopa, na bibi mmoja kutoka shirika fulani la afya akampigia simu Baluku akiwa juu ya lori. Walitaka wimbo. Walitaka aimbe tena, katika masoko yote ya Kasese.

"Nipe siku mbili," Baluku akasema. "Kuna mtu lazima nimuulize."

Alikuwa amechelewa kuuliza kwa miaka mitatu, na alilijua hilo. Asubuhi yake alipanda boda boda mpaka Kasenyi. Alimkuta Tsongo ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nyavu zimemwagika magotini. Alikuwa amekonda zaidi na nywele zake zilikuwa na mvi, ingawa wote wawili hawakuwa wamefika thelathini na tano. Baluku alisimama mbele yake.

"Umekuja," Tsongo akasema.

"Nimekuja kuomba radhi."

Tsongo akaendelea na nyavu. Baluku akasema yote: Kasese, Siraje, uwanja wa Bwera. Hakujitetea. Akafika siku ya mama. "Na ile siku nilikushika," akasema. "Ungeingia, ungempa maji. Mimi ndiye nilikuzuia. Hilo ndilo linanila."

Hapo Tsongo akaweka sindano ya nyavu chini.

"Weye unafikiri nilikaa nje kwa sababu yako?"

"Nilikushika kwa nguvu."

"Ulishika shati." Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Shati tu, Baluku. Mutu anaweza kuacha shati. Ile shati ilikuwa nzee, ningevuta kidogo ingepasuka, ningeingia. Sikuvuta. Niliogopa. Mama aliita, na mimi niliogopa kufa, na nilifurahi kwamba kuna mutu ananishika." Akasukuma nyavu kando. "Kila mara unaimba ule ubeti, watu wanasikia mutoto mwenye akili. Mimi nasikia mutu mwoga. Ndiyo maana nilikuambia uache. Si kwa sababu ya hasira."

Baluku anasema hakuwahi kupigwa na kitu kizito kama maneno yale. Miaka yote alikuwa amejibebesha kosa ambalo Tsongo mwenyewe hakulihesabu, na lile alilofanya kweli, la kumlazimisha mwenzake asikie woga wake kila siku kutoka kwenye spika, alikuwa amelichukulia kuwa dogo.

"Watu wa afya wamenipigia," akasema mwishowe. "Wanataka niimbe tena. Nimekuja kukuuliza."

"Watu wanakufa huko?"

"Wanakufa."

Tsongo akatazama maji. "Basi usiniulize mimi. Nikisema imba, namuzika mama tena. Nikisema usiimbe, nazika watoto ya watu. Kwa nini unaniletea hiyo? Chagua mwenyewe. Mara moja tu, chagua peke yako."

Baluku alirudi Hima. Alipiga simu akasema haimbi. Bibi wa shirika alisikitika, kisha akasema hakuna shida, kwa sababu Siraje alikuwa ameshawauzia ile kanda ya zamani. Walichotaka kwake ni sura tu. Baluku akampigia Siraje. Siraje akasema, "Ndugu yangu, hata nikifuta kwangu, iko kwa simu ya kila mtu. Wimbo si ng'ombe, uufunge kamba."

Aliomba ruhusa kazini akarudi Kasenyi kesho yake alfajiri, ili Tsongo aisikie kutoka kwake kabla ya kuisikia kwenye gari. Lakini alipofika, alama za magurudumu zilikuwa tayari kwenye mchanga, na mbele ya banda la samaki kulikuwa na ndoo mpya ya maji yenye dawa, wanawake wamepanga mstari wananawa. Gari lilikuwa limepita jana yake jioni.

Tsongo alikuwa majini mpaka magotini, anavuta mtumbwi uliorudi na samaki aina ya ngege.

"Nilikataa," Baluku akamwambia kutoka ukingoni. "Nilikataa, lakini wako na kanda."

"Nimesikia. Watu walinawa."

Mtumbwi ulikuwa mzito na mwenzake wa Tsongo, aliyeshika upande wa pili, alikuwa mzee. Tsongo akamtazama yule mzee akihangaika, kisha akamtazama Baluku.

"Shika huku," akasema. "Vua viatu kwanza."

Baluku akavua viatu akaingia. Waliuvuta mpaka mchangani, wakapakua kreti, wakazipanga kwenye boda boda za sokoni. Kazi ilichukua asubuhi nzima na hawakuzungumza ila maneno ya kazi: inua, ngoja, taratibu. Ilipokwisha Tsongo alinawa, akaenda kulala kwenye kibanda chake bila kuaga.

Sasa Baluku huenda Kasenyi Jumamosi akipata nafasi, na mara nyingine hukuta Tsongo hataki kumwona, basi hurudi na lori la kwanza. Niliwahi kumwuliza kama atarekodi tena. Alikuwa na saruji mpaka kwenye kope. Alisema ameanza kukohoa kidogo asubuhi, kama babake Ojok, na daktari amemwambia aache ile kazi kabla mapafu hayajaharibika.

"Na utaacha?" nikamwuliza.

"Niende wapi?" akasema, akapanda lori.